Unatumia, Mnatumia

Kijana mmoja wa Moshi, mpagazi wa mlimani, alinijia jioni moja nilipokuwa nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu, akaniamkia, kisha akaniomba sentensi moja ya Kiingereza. Hakuomba barua wala wasifu wa kutafutia kazi, mambo ambayo nimezoea kuombwa kila niendako, kwa kuwa watu wameshasikia kwamba nafasiri. Aliomba sentensi moja tu. "Mzee," aliniambia, "wageni tunaowapandisha huniuliza kila safari: kwa mwezi unapata kiasi gani, nyumbani mnatumia kiasi gani, na zinawatosha vipi. Nami huwajibu. Sasa nataka siku moja niwaulize wao. Lakini nataka niulize kwa Kiingereza chenyewe, wasije wakanicheka."

Nilimwahidi kwamba angeipata sentensi yake kabla ya kulala. Usiku ule ukapita, na wa pili ukapita. Mimi sikusoma shule kubwa. Kiingereza nilikiokota vitabuni, kamusi gotini, na kwa miaka mingi nimefasiri mashairi ya watu waliokwisha kufa, ambao hawawezi kunilaumu. Sikumbuki beti lililonikalisha macho kama sentensi ile ya mpagazi.

Alikuwa na jaribio lake mwenyewe: "How much do you use at home per month?" Maneno yote ni ya Kiingereza, ila sentensi ni ya Kiswahili iliyovalishwa koti. Mwingereza hatumii fedha kwa neno lilelile analotumia kijiko. Kwake fedha zina kitenzi chao, na angesema: "How much do you spend a month on housekeeping?" Au, akitaka kwenda kwa adabu zaidi, asimguse mtu kabisa bali aiguse nyumba: "What does it cost to run the house?" Hapo ni kama nyumba yenyewe ndiyo iendayo, mithili ya jahazi, na mwenye nyumba ni nahodha tu anayeulizwa bei ya matanga. Waingereza ni watu wanaoona haya kuulizana fedha, na lugha yao imewajengea pazia la kuulizia.

Hata hivyo, kitenzi chao hicho, ukikifuata hadi kilikotoka katika Kilatini, maana yake ni kupima kwa mizani, kwa kuwa zamani fedha ilipimwa uzito kabla ya kutolewa mkononi. Kiswahili chetu kina njia nyingine. Wajuzi wa sarufi hutwambia kwamba "kutumia" kumezaliwa na "kutuma". Kwa hiyo anayetumia fedha ni kama anayezituma: zinatoka nyumbani zikiwa na kazi, mithili ya mtoto anayepelekwa dukani. Tunalo pia neno "gharama", ambalo katika Kiarabu lina harufu ya faini, kitu anachotozwa mtu. Tuna "masurufu", neno la wazee wetu wa pwani, linaloanza kusahauliwa na ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Na tuna "hesabu". Msomaji wa visiwani hahitaji kukumbushwa kwamba neno hilo moja ndilo la daftari la dukani na ndilo la Siku ile ambayo kila nafsi itasimamishwa peke yake. Ndiyo sababu mtu mzima akiambiwa "lete hesabu" hutulia kidogo kabla ya kujibu, hata kama inayotakwa ni hesabu ya sukari.

Nilipofika hapo nikatambua kwamba shida yangu haikuwa Kiingereza. Nilikuwa naikwepa sentensi hiyo kwa sababu niliwahi kuitamka mimi mwenyewe, kwa lugha zote mbili, katika nyumba moja ya mlima huohuo.

Ilikuwa mwaka 2010. Mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa akiandika juu ya maisha ya kaya za vijijini, alihitaji mkalimani, nami nilihitaji ujira. Tukawa tunapanda kila asubuhi kutoka mjini Moshi hadi vihambani, tukiwa na karatasi zenye maswali. Swali la kwanza la ukurasa wa pili lilikuwa hilohilo: kwa mwezi unatumia kiasi gani kwa mahitaji ya nyumbani?

Kabla ya kufika kwenye kosa langu, sharti niseme neno juu ya huo "mwezi", kwa kuwa ulitushinda tangu siku ya kwanza. Mwezi ni kipimo cha mtu wa mshahara. Kihamba hakina mwisho wa mwezi. Kina migomba iliyosimama juu ya mibuni, kina ng'ombe wawili au watatu zizini wanaoletewa majani kutoka tambarare, na kina maji ya mfongo yanayopita kwa zamu. Mtori wa asubuhi haukununuliwa. Maziwa hayakununuliwa. Ndizi za mbege hazikununuliwa, ila ulezi wake ndio wa sokoni. Kahawa huchumwa kati ya Julai na Desemba, na tangu enzi za chama cha wakulima cha mwaka 1925, na KNCU iliyokirithi miaka ya 1930, fedha yake imezoeleka kuja kwa mkupuo, si kwa mwezi. Januari hula ada za shule. Desemba ndiyo hiyo ambayo wana wa mlima waliotawanyika nchi nzima hurudi nyumbani, na kinacholiwa katika wiki mbili hakifanani na cha miezi mitatu mingine. Mzee mmoja alitutazama kwa huruma, akasema: "Sisi hatutumii, tunakula." Mgeni akaandika sifuri, kisha akaikata, kisha akaomba tukadirie bei ya ndizi zote alizokula mzee yule tangu mwezi ulioandama. Tulikadiria. Mungu atusamehe makadirio yale.

Wala tusidhani kwamba mwezi ni wa Waingereza wote. Mwaka 1913 Maud Pember Reeves alitoa London kitabu chake, Round About a Pound a Week, baada ya yeye na wenzake kuzitembelea kwa miaka kadhaa familia za wafanyakazi wa mtaa wa Lambeth na kuwaomba wake za watu waandike walichonunua. Jina la kitabu lenyewe linasema kipimo chao: pauni moja, au kama pauni, kwa wiki. Kodi ilikuwa ya wiki, ujira ulikuwa wa wiki, na njaa pia ilikuwa ya wiki. Na wapo wanawake katika nyumba zile waliojua vyema fedha waliyopewa mkononi ya kuendeshea nyumba, lakini hawakujua mume alipata kiasi gani huko kazini. Naomba msomaji alishike hilo, maana huko mlimani tulilikuta kinyumenyume.

Basi tukaingia nyumba moja, sitasema upande gani wa mlima. Baba alikuwepo, mama alikuwepo. Tulikaribishwa viti, tukaletewa chai. Mgeni akauliza kwa Kiingereza chake safi, nami nikafungua kinywa kufasiri, nikasita.

Kiingereza kina neno moja la kumwita mtu anayesemeshwa. Zamani kilikuwa na mawili, moja la mtu mmoja na jingine la wengi, lakini katika mazungumzo ya kawaida lile la mtu mmoja liliachwa karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo Mwingereza anaweza kuuliza nyumba nzima bila kutaja anamuuliza nani. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague mlangoni: "unatumia" au "mnatumia". Ni herufi moja tu, lakini ndani ya herufi hiyo kuna ndoa, kuna mali, na kuna nani ana haki ya kusema mbele ya nani.

Nilichagua "mnatumia", kwa adabu. Baba akajibu papo hapo, akataja kiasi. Mama alikuwa anakunja kitenge chake magotini, hakusema. Mgeni akaandika.

Baadaye baba akatoka kwenda kumwonyesha mgeni mibuni yake. Alikuwa na habari ndefu juu ya bei: jinsi mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivyovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na majirani wakang'oa mibuni. Nilikwisha kuisikia habari hiyo katika kila nyumba, nikabaki na mama. Nikamuuliza, sasa kwa umoja: "Na wewe mama, unatumia kiasi gani?" Akacheka kidogo, kisha akanipa hesabu kwa vidole. Kahawa ilikuwa ya baba, kama ilivyo desturi ya huko. Ndizi na maziwa vilikuwa vyake yeye, vya kupeleka sokoni siku ya soko. Akataja chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa, mashine ya kusaga, nyama ya Jumapili, sadaka ya kanisani, mchango wa kikundi cha akina mama. Ilipotimia, ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mumewe. Mwisho akashusha sauti: "Na ya Arusha." Sikumuuliza Arusha kuna nini. Akaniambia mwenyewe. Alikuwapo binti yao huko, ambaye baba alikwisha kusema jina lake lisitajwe tena katika nyumba ile, na kila mwezi mama alimtumia fedha kwa mkono wa kondakta wa basi.

Mgeni aliporudi nikamfasiria yote. Ndiyo kazi niliyolipwa. Alifurahi kuona tarakimu mbili zisizopatana, kwa kuwa katika kazi yake zisizopatana ndizo zenye habari. Na kwa nia njema kabisa, mbele ya wote wawili, akaanza kuzilinganisha moja baada ya moja, chumvi, sukari, sabuni, akisoma kutoka karatasini huku nikimfuatia kwa Kiswahili. Alipofika "Arusha" nilikuwa nimeshaitamka kabla moyo haujaufikia ulimi. Wafasiri wenzangu watanielewa. Kinywa chetu kina mwendo wake.

Baba hakusema kitu. Aliweka kikombe chini, taratibu, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Mama akatukaribisha chai nyingine.

Nimejiuliza tangu siku ile: nilimkosea nani? Nilisema kweli. Kila tarakimu niliyoitamka ilikuwa sahihi, na Kiswahili changu kilikuwa fasaha. Mtu anaweza kunitetea kwamba mume na mke hawapaswi kufichana, na kwamba hesabu iliyofichwa ni uongo uliokaa kimya. Siwezi kuyapokea maneno hayo. Siri ile haikumpunguzia mtu kitu. Ilikuwa ni njia pekee iliyobaki ambayo mzazi angeweza kumfikia mwanawe bila kuvunja kauli ya mzazi mwenziwe. Palikuwa na ukuta, na mama alikuwa ametoboa tundu la sindano. Mimi nikaja na taa.

Kadhia hii ya herufi moja si ndoto ya mshairi. Katika miaka ya 2007 na 2008 watafiti kadhaa, akiwamo Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt, walifanya jaribio hapa Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Walichukua kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa namna tofauti. Wengine walipewa daftari moja la kaya nzima. Wengine daftari kwa kila mtu mzima. Wengine waliulizwa tu wakumbuke. Na lipo kundi lililoulizwa juu ya "mwezi wa kawaida", ambao mimi sijaupata kuuona katika maisha yangu. Daftari la mtu mmojammoja ndilo lililoonyesha matumizi makubwa kuliko maswali ya kumbukumbu. Na pengo lilikuwa pana zaidi katika nyumba za maskini, na katika nyumba zenye watu wazima wengi. Kwa maneno mengine, "mnatumia" na "unatumia" ni maswali mawili yenye majibu mawili, na kadiri nyumba inavyozidi ufukara na wakaaji ndivyo majibu hayo yanavyozidi kuachana.

Kwa hiyo sisemi watu wasiulizwe. Serikali imefanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara katika miaka ya 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Na kwetu Zanzibar mwaka 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20. Asiyeulizwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hajengewi kisima. Nyumba ambayo hakuna anayeijua bei ya chumvi yake ni rahisi sana kuambiwa kwamba haina njaa. Lau ningekuwa mimi mwenye kugawa fungu la taifa, ningetaka nijue ya Arusha pia, maana katika fedha ile ndogo mna habari za nchi kuliko katika hotuba nyingi.

Ila liko jambo moja ambalo fomu haliulizi, nalo ni hili: ni nani anayestahili kupewa hesabu? Katika desturi za watu wote ninaowajua, hesabu hutolewa kwa mtu mwenye haki juu yako. Mtumishi humpa bwana wake, mlezi wa yatima huwapa jamaa wa marehemu, mja humpa Mola wake. Jirani hampi jirani, isipokuwa kwa mapenzi, na mapenzi huenda na kurudi. Mgeni yule, nami nikiwa ulimi wake, tulikaa katika kiti cha mwenye haki bila kuwa na haki yoyote, tukala na chai. Kila nyumba tuliyoingia tuliondoka na hesabu yake, na hakuna hata moja iliyoondoka na ya kwetu. Si kwamba walikatazwa kutuuliza. Fomu haikuwa na mstari wa kuandikia jibu.

Na hicho ndicho alichokuwa akikitaka kijana wangu mpagazi, bila ya kukipamba kama ninavyokipamba mimi. Amebeba mizigo ya watu kuelekea kilele cha mita 5,895, ameulizwa mapato yake na matumizi yake hata akayajua kwa Kiingereza kama sala, naye hataki bakshishi kubwa zaidi (anaitaka pia, tusiongopeane). Anataka swali lirudi.

Siku ya tatu nikampa sentensi yake. Nilimwambia aziache zile zote mbili, ya "spend" na ya nyumba iendayo kama jahazi, ingawa zote ni Kiingereza kisicho na dosari. Nikamwambia aanze na ya kwao: kwetu, mimi na mama na wadogo zangu wawili, mwezi hutuchukua kiasi hiki, na Januari zaidi. Kisha anyamaze kidogo, aseme: "And how is it with you?" Akaniuliza kama hiyo "you" ni ya mtu mmoja au ya wote. Nikamwambia Kiingereza hakisemi, mgeni atachagua mwenyewe. Akaiandika nyuma ya risiti, akaisoma mara tatu, akaondoka. Alfajiri yake alikuwa anaanza safari ya siku saba, nami nilirejea Unguja kabla hajashuka.

Namna hiyo ya kuuliza sikuibuni. Mwaka 2011 nilipanda tena mlimani, safari hii bila mgeni na bila karatasi. Nilibeba sukari na majani ya chai. Mzee mmoja jirani, nilipomweleza linalonipeleka, alinikatia jani la sale, lile wanalopanda mipakani mwa vihamba na ambalo kwao hushikwa mkononi na mwenye kuomba radhi, akaniambia nisiseme maneno mengi. Nikampa mama lile jani. Akalipokea, akalichomeka juu ya mlango, akanikaribisha kiti kilekile.

Nikaogopa kuuliza chochote. Akanisaidia. Alisema fedha ya Arusha bado inakwenda, ila sasa inakwenda kwa simu, haipiti tena kwa kondakta. "Na baba?" nikauliza. "Anajua," akasema. "Ila haulizi. Mwezi wa tatu uliopita alinipa ya kahawa kidogo, akasema ni ya chumvi. Chumvi gani ile ya kulisha kijiji?"

Tukanywa chai. Nje tulikuwa tunamsikia baba akikata majani ya ng'ombe. Kisha mama akanitazama, akaniuliza kwa sauti ileile niliyomuuliza mimi mwaka ule: "Na huko kwenu Unguja, mwezi mnatumia kiasi gani?"

Mimi ni mwanamume wa pwani; sokoni huenda mwenyewe na kikapu changu, na nilidhani najua. Nikaanza: samaki, mchele, nazi, unga wa ngano, umeme. Akanikatiza mara mbili. Mkaa je? Harusi je, za majirani? Sabuni ya kufulia huijui bei? Nikatambua kwamba nusu ya nyumba yangu naishi kama mpangaji. Alisubiri mpaka nikamaliza, kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kikombeni: "Hiyo ni yenu. Nimekuelewa. Na wewe, unatumia kiasi gani?"

Basi nikamtajia na hiyo. Nikamwambia inakokwenda, ni ya nani, na tangu mwaka gani. Sitaiandika hapa, kwa kuwa jarida hili hufika nyumbani kwangu, na anayelifungua wa kwanza si mimi.